Saint-Guilhem, kijiji kilichokula monasteri yake

Jumamosi nilikwenda Saint-Guilhem-le-Désert, karibu kilomita 40 kutoka hapa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Kijiji chenyewe ni kama njia moja tu iliyobanwa korongoni, miamba huku na huku, na kijito cha Verdus kikiteremka kwenda mto Hérault. Mashamba ya maana huyaoni. Ukijiuliza watu walifuata nini huku, jibu ni watawa.

Guilhem alikuwa mtu wa vita, mtawala wa Toulouse na binamu yake Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki. Mwaka 804 alianzisha hapa monasteri ya Gellone, na 806 akaweka silaha chini akawa mtawa humo humo. Inasimuliwa kwamba Karolo alimpa kipande cha Msalaba wa Yesu, na habari ya namna hiyo haikai bondeni peke yake. Mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela, Hispania, wakawa wanapitia hapa. Msafiri anataka kula na kulala, nyumba zikaongezeka.

Kilichonichekesha ni ugomvi wao na majirani. Chini kidogo kuna Aniane, monasteri ya Mtakatifu Benedikto wa Aniane, rafiki yake Guilhem. Waanzilishi walipatana; waliorithi wakaanza kugombea nani yuko chini ya nani, hadi wakafikia kughushi hati. Watawa hao! Na bado, mwanzoni mwa karne ya 11, walishirikiana kujenga Daraja la Shetani juu ya Hérault. Limesimama mpaka leo.

Kanisa la Gellone la karne ya 11 nalo lipo, zito, lenye giza la kupendeza. Ila ukitoka kwenye ua wa ndani, ule wa kuzungukwa na matao, unaona pengo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 watawa waliondolewa, mali ikauzwa. Kanisa lilipona kwa kuwa lilifanywa la parokia. Majengo mengine yakageuzwa karakana, na ua ukawa machimbo: mwenye kujenga anakuja kuchukua jiwe. Nguzo kadhaa zilizochongwa ziliishia bustanini kwa mtu huko Aniane. Mchongaji Mmarekani George Grey Barnard akazinunua mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa ziko The Cloisters, New York, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1938.

Nilimsikia mgeni mmoja akilalamika kwamba Wamarekani wameiba. Sikubaliani naye. Wenyeji wenyewe walikuwa wameshakula jengo kwa karibu karne nzima, na siwalaumu: ukuta wa nyumba unahitaji mawe, na watawa hawarudi.

Milangoni wametundika ua kubwa la mbaruti wa milimani, wanaliita cardabelle. Limekauka, bapa, miiba pande zote, katikati rangi ya nta. Hewa ikiwa na unyevu linajikunja, likipata ukavu linafunguka, kwa hiyo mwenye nyumba anajua mvua inakuja bila kuwasha redio. Niliyoyaona yote yalikuwa wazi. Jua lilikuwa kali kweli.

Safari ijayo nataka kushukia Aniane. Monasteri yao, baada ya makelele yote yale ya ukubwa, iligeuzwa kiwanda cha pamba, kisha jela, kisha mahali pa kufungia watoto watukutu. Gellone walipata nafuu kubwa.