Sare zimeshonwa kwa hesabu

Januari hii sare za wanangu zimeshonwa bila kutoa hela ya ufundi. Mama wa nyumba ya pili hapa Mbagala ana cherehani, mimi nafundisha hesabu. Tukakubaliana: jioni namfundisha mwanawe wa darasa la saba, yeye anashona. Nilinunua kitambaa, uzi na zipu tu. Na kashona vizuri jamani! Sketi kaiachia pindo pana kwa ndani, mtoto akirefuka tunalifumua, hakuna kununua nyingine. Sasa fundi umeme wa mtaani naye kaleta binti yake, na ile soketi yangu iliyokuwa inatoa cheche imeshabadilishwa. Majirani, anayejua kusuka nywele aje tuongee, wasichana wangu wanamsubiri.