Siku Tuliyovunja Bakuli

Mwenzangu alikuwa ameshainua ndoo ya glezi, ule uji wa madini unaopakwa vyombo vya udongo na kugeuka kama kioo motoni, kwenda kuimwaga nilipomwomba asubiri kwanza. Mabakuli aliyoyatoa tanurini yalikuwa yamejaa vitundu vidogo ndani, na mawili yalikuwa na malengelenge kwenye kitako. Aliyemfundisha kazi alishamwambia kwamba glezi imeharibika.

Mimi sikushawishika. Kwenye rafu hiyohiyo kulikuwa na vikombe vya udongo mweupe, vimechovywa katika ndoo hiyohiyo, na vyote vimetoka laini. Koni namba 6, kijiti cha kupimia joto la tanuri kinachopinda moto ukitosha, ilikuwa imepinda inavyotakiwa, maana yake moto ulifika karibu nyuzi 1,220 na haukupitiliza. Mabakuli yalikuwa ya udongo mwekundu, wenye chuma kingi. Nikahisi jibu limo humo.

"Niruhusu nivunje moja," nikamwambia.

"Vunja tu, dada. Nani atayanunua haya?"

Nililipasua kwa nyundo. Katikati ya unene wake, kati ya rangi mbili za kahawia, ulipita mstari mweusi, na kadiri ulivyokaribia kitako ndivyo ulivyozidi kupanuka. Hapo nikapata uhakika. Ule weusi ni alama ya kaboni ambayo haikupata nafasi ya kuungua katika uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya kupaka glezi. Ikibaki ndani hunyang'anya chuma oksijeni yake, na chuma cha namna hiyo huyeyusha udongo mapema. Katika uchomaji wa pili, udongo ukishaanza kuziba, gesi iliyonaswa hutafuta njia kwa nguvu: ikipenya kwenye glezi huacha kitundu, ikikosa pa kutokea huufurisha udongo wenyewe. Vikombe vyeupe vilinusurika kwa sababu udongo wao ulikuwa na uchafu na chuma kidogo sana. Kumwaga ndoo ile kungekuwa kumwadhibu asiye na hatia.

Nilimuuliza walivyochoma mara ya kwanza. Mabakuli yalipangwa moja ndani ya jingine, tundu la hewa likazibwa mapema, moto ukapandishwa haraka ili kuokoa umeme.

Tukapanga mengine mabichi, kila moja peke yake, hewa ipite. Kati ya nyuzi 700 na 900 tulipandisha moto taratibu, kama nyuzi 60 kwa saa, tundu likiwa wazi, ndipo tukaenda hadi 1,000. Saa hizo ndizo zinazochosha, maana hakuna kinachoonekana kubadilika, lakini kazi yote inafanyika wakati huo. Kisha tukayachovya katika glezi ileile, tukayachoma mara ya pili.

Yalitoka safi, yanang'aa. Moja tu, lenye kitako kinene kuliko mengine, lilikuwa na vitundu vichache chini kabisa. Mwenzangu aliligeuza, akalipima unene kwa vidole, akasema yajayo atayachonga zaidi kitakoni udongo ukiwa bado haujakauka.