DMA ya kifaa cha kuigwa kwenye QEMU inaleta sifuri tupu: kilichonisaidia

Nina kifaa cha PCI (basi la kuunganisha vifaa na kompyuta) cha kuigwa ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, na draiva yake kwenye Linux ya mashine pepe. Rejista zilisomeka na kuandikika bila shida, ila kila mara kifaa kilipovuta data kwa DMA (kusoma kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia kichakataji) kilipata sifuri. Draiva haikulalamika, kerneli nayo kimya. Afadhali ingeanguka!

Nililinganisha anwani pande zote mbili: sawa. Nikabadili bafa (eneo la kumbukumbu linaloshika data), nikashusha maski ya DMA, yaani kikomo cha anwani ambazo kifaa kinaweza kufikia, hadi biti 32. Wapi.

Kilichofichua ni thamani inayorudishwa na `pci_dma_read`, funksheni ya QEMU ambayo kifaa hutumia kusoma kumbukumbu; thamani hiyo wengi huipita tu. Niliichapisha: haikuwa `MEMTX_OK`, yaani usomaji ulishindwa. Kisha `lspci -vv`, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, ikaonyesha `BusMaster-`. Tazama hiyo alama ya kutoa: ruhusa ya kifaa kuanzisha DMA imezimwa. Biti ya 2 ya rejista ya amri ikizimwa, QEMU hukinyima kifaa kumbukumbu yote ya mashine pepe. MMIO, njia ambayo draiva husoma na kuandika rejista, huendelea kwa sababu ina biti yake.

Kwenye `probe`, funksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana, baada ya `pci_enable_device`, ambayo pekee haitoshi, nikaongeza `pci_set_master(pdev)`, kabla ya DMA yoyote kuanza. Sasa ni `BusMaster+`, na data inafika.