Kulea watoto waliokimbia vita, hapa Kayole

Nalea watoto wa majirani mtaani Kayole, Nairobi, wengi hawajafikisha miaka minne. Tangu vita vizidi mashariki mwa Kongo, hasa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma Januari 2025, napokea pia watoto wa kutoka Kivu ambao mama zao hushinda wakichuuza vitenge.

Wengi walikuja kimya. Mvulana mmoja, pikipiki ikilipuka ekzosi huko nje, alikuwa anaingia chini ya meza, anaziba masikio, wala uji haumtoi. Wengine walirudia kukojoa kitandani ilhali walishaacha. Nikaambiwa niwaache, ni watoto, watasahau. Sikubaliani hata kidogo. Mtoto mdogo hana maneno ya kusimulia, lakini hofu isiyopata mtu wa kuituliza humharibia usingizi na hamu ya kula, tena katika umri ambao ubongo unajengeka kwa kasi kubwa.

Nilianza na ratiba. Kunawa, uji, nyimbo, mchezo, kulala, hadithi; kila siku kwa mpangilio uleule. Aliyetolewa kwao usiku bila kuelezwa aendako anahitaji kujua kinachofuata. Nao mama niliwaomba wasitoroke asubuhi. Muage, mwambie utarudi saa ya chai ya jioni, kisha urudi kweli. Vilio vilikuwapo, vingi sana mwanzoni, lakini vilipungua kadiri mtoto alivyoona ahadi inatimizwa.

Yule wa chini ya meza sikumvuta. Nilikaa sakafuni, nikaweka vifuniko vya soda kati yetu. Akisukuma kimoja, nami nasukuma kimoja. Akiguna, namjibu. Mwongozo wa malezi uliotolewa 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia unaitaja hali hii ya kumwitikia mtoto pamoja na afya, lishe, usalama na kujifunza mapema. Haihitaji vifaa vya bei, inahitaji mtu mzima aliyetulia.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mama mwenyewe hajatulia. Ameona mambo, kodi inamsubiri, hana nguvu ya kumjibu mtu. Nikaanza kuwaalika Jumamosi kwa chai na mandazi. Hatuulizi yaliyowapata, anayetaka kusema atasema. Tunasukana nywele, tunashona midoli kwa mabaki ya vitenge, wanaimba nyimbo walizolelewa nazo, watoto wakiwa mapajani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nilijua akishiba imetosha." Siku hizi namsikia akimsimulia mwanawe anachopika. Aliyelemewa kupita kiasi nilimsindikiza kwa mshauri, maana chai yangu haitibu kila kitu.

Kliniki waliiogopa kwa kukosa karatasi. Mahali pamoja walitufukuza mapokezi, jambo lililoniuma sana, tukaenda kituo kingine na tukapokewa vizuri. Ada za zahanati na vituo vya afya vya serikali ziliondolewa 2013, na mama akijua hilo haendi kwa kunyenyekea. Tukafuatilia chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, na vitamini A ya kila miezi 6. Msichana mmoja alipopimwa mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo aliangukia kwenye manjano, yaani chini ya sentimita 12.5. Aliandikiwa chakula cha nyongeza, na mama yake alihakikisha hakosi tarehe.

Waliofikisha miaka minne wameingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Kabla hawajaanza nilikwenda kumweleza mwalimu wao kinachomtisha kila mmoja: mlango unaobamizwa, sare ya mlinzi, kengele. Yule mvulana amepewa kiti mahali anapomwona kila anayeingia, na mwalimu humwambia mapema kwamba kengele inakaribia kulia.