Deni la baa nililipwa kwa plaiwudi

Madogo wananiuliza sana nilitokaje kwenye kuchora nguo, nikapitia mabaa, mpaka leo natundika kazi kwenye maonyesho, wanahisi kuna mzito alinishika mkono. Hakuna mzito. Kilichonitoa ni deni ambalo sikulipwa, pamoja na rangi ya mafuta.

Nianzie Oysterbay, Dar, pale Morogoro Stores. Mjomba wangu alikuwa anachora tingatinga pale, ile michoro ya wanyama na ndege yenye rangi kali, na mimi kila likizo nilikuwa naenda kumsaidia kupaka rangi ya chini kwenye hadibodi. Wanaoijua hii kitu wanajua mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi, halafu ndugu na wanafunzi wake wakaendelea hadi ushirika ukaundwa 1990. Kwa hiyo mkono wangu umekulia kwenye rangi ya kopo, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, inanuka tina, inang'aa kama sahani mpya, na kukauka inakauka inapotaka yenyewe. Mjomba alikuwa anasema "usiikimbize, iache ilale". Nilimuitikia ndio mjomba, kichwani wala haikuingia.

Nimemaliza form four sina hili wala lile, dada mmoja mbunifu wa mavazi Sinza akaniona, akanipa magauni sita ya marikani nimchoree kanga, kanga wale ndege sio leso, kwa ajili ya shoo. Sasa mimi rangi ninayoijua ni moja tu si ndio. Nikachora na rangi ya mafuta. Ilikuwa Novemba, Dar ile ya jasho, juu ukigusa imekauka kumbe chini bado ni uji. Nyuma ya jukwaa modo mmoja akakaa kwenye kiti cha plastiki kusubiri zamu yake, aliponyanyuka mkia mzima wa kanga ukabaki kwenye kiti. Yaani mkia umetoka msafi kabisa, ungeweza kuubandika ukutani. Dada akaniangalia akauliza "kaka, hii nguo au bango?" Hela sikulipwa na sikudai, nidai nini.

Nilirudi kwake hata hivyo, nikamwambia nifundishe. Ndio nikajua kuna rangi za kitambaa, unachora, unaacha ikauke vizuri, unageuza nguo unapiga pasi ya moto upande wa nyuma ndio rangi inashika hata ukifua. Kitu kidogo hivyo, kilinigharimu magauni sita. Nikakaa naye miaka kama miwili, majaketi ya jinzi ndio yalitoka sana, na jaketi moja ndilo lililonipeleka baa, kwa sababu aliyelinunua ni bosi mwenye baa Kinondoni, akasema nataka ukuta wangu uwe hivi.

Ukuta wa kwanza nilichora moja kwa moja kwenye saruji. Kazi ya baa inafanyika saa tisa usiku wateja wakishatoka mpaka saa mbili asubuhi, unachora huku mlinzi anakoroma na mtu anasukuma maji ya sakafuni yananuka bia. Siku kumi na moja. Baada ya miezi kama sita napita nakuta ukuta wote umepakwa rangi ya tangazo la bia, hakuna aliyenipigia hata simu, na picha nilizobaki nazo ni mbili kwenye simu, moja ina kidole changu.

Iliniuma jamani. Ila bosi aliponiita tena kuchora upande wa ndani nikamwambia sawa, lakini safari hii sichori ukuta, nachora mbao. Nikanunua plaiwudi, fundi seremala akanikatia futi nne kwa nne, vipande kumi na moja, nikachora pembeni halafu tukavipiga skurubu ukutani. Na hapo rangi ya mafuta ndio ikapata kwao, maana bia ikimwagika unafuta na kitambaa basi. Nilichora waliokuwepo, DJ, muuza mishikaki, wahudumu wamekaa wamevua viatu alfajiri wanahesabu hela.

Kianzio nikapewa, iliyobaki milioni moja na laki tatu ikawa njoo kesho njoo Ijumaa, mwaka na ushee. 2021 kodi ikamshinda, mwenye nyumba anataka kufunga milango. Nikakodi kirikuu, nikaenda na bisibisi, nikamwambia bosi shikamoo, mimi sitaki hela tena, nipe mbao zangu. Akacheka, akanisaidia na kubeba.

Zikakaa chumbani Mwananyamala, mke wangu analalamika nyumba inanuka sigara, na kweli ilikuwa inanuka. Nilikuwa nimeshaandaa sabuni na dodoki nizioshe. Kabla sijaanza nikapeleka tatu kwa mshikaji mwenye studio Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, akapita dada mmoja anayeandaa maonyesho, akainama, akanusa, kabisa alinusa, akasema usioshe hata moja. Zilikuwa na alama za sigara, lipstiki, miduara ya chupa, na namba za simu zilizochimbwa na funguo. Namba tulizifunika kwa utepe, usije ukavunja ndoa za watu.

Kilichonitesa kwenye maonyesho ni yale maelezo ya msanii. Niliandika kwa maneno makubwa makubwa nikafuta, mwisho nikaandika baa ilikuwa wapi, nilichora saa ngapi, na nilidai kiasi gani. Basi. Watu walisoma hiyo karatasi kuliko walivyoangalia picha nyingine ukumbini. Ziliuzwa nne, ukumbi ukachukua kamisheni yake asilimia 40, na hela ikaja baada ya miezi mitatu, kwa hiyo anayedhani gari la maonyesho linakimbia asiache kazi zake za mkono. Mimi majaketi bado napiga, na mabaa nachora hasa Desemba, maana Januari ada haisubiri kamisheni. Ila sigusi saruji ya mtu, ni plaiwudi na skurubu, na kwenye makubaliano tunaandika kabisa kwamba mpaka deni liishe mbao ni zangu.

Siku ya ufunguzi alikuja mmoja wa wale wahudumu, sasa ana genge lake la chakula Magomeni. Akasimama mbele ya ile mbao ya alfajiri muda mrefu, mimi najiandaa kusikia kitu kizito. Akanigeukia: "We kaka, vile viatu mbona umevichora vyekundu? Vilikuwa vya kuazima, vyeusi."