Zaburi 121: mstari wa tano umekubali

Imekubali. Jumapili iliyopita darasa langu la watoto wa miaka saba hadi kumi limesema Zaburi 121 yote, mistari minane, bila wimbo, bila karatasi, na bila mimi kuwachezea midomo pale mbele. Kilichonifurahisha zaidi ni mvulana mmoja aliyechelewa. Aliwakuta wenzake wamefika katikati, akadaka palepale walipokuwa na kuendelea nao mpaka mwisho. Hicho ndicho nilichokuwa nakisaka tangu Pasaka.

Mliowahi kuifundisha mnajua inapokwama. Mstari wa 5, wa 7 na wa 8, yote mitatu huanza na "Bwana". Bwana ndiye mlinzi wako. Bwana atakulinda na mabaya yote. Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Mtoto akishatamka "Bwana", anakuwa kama matatu iliyofika Mwembe Tayari na dereva hajaambiwa ni ya Likoni au ya Changamwe. Wangu walipenda kukata kutoka 5 moja kwa moja hadi 8, wanamalizia "hata milele" kwa sauti ya ushindi, wanakaa chini wameridhika kabisa, na jua na mwezi vimeachwa njiani. Siku nyingine walitoka 7 wakarudi 5, kisha 7 tena, kisha 5, wakazunguka hivyo hadi mmoja akaangua kicheko na darasa likawa limeisha.

Zaburi 23 haina taabu hii. Kila mstari una picha yake: majani, maji, bonde, meza, kikombe. Hata 136, pamoja na mistari yake 26, ni rahisi, maana watoto wanaitikia tu kwamba fadhili zake ni za milele na mzigo wote anaubeba mwalimu. Lakini 121 ni fupi kiasi kwamba unaidharau, halafu inakutesa miezi.

Kuhusu tuni, sasa nina msimamo na sitauficha. Tuni moja inayojirudia kila mstari haifundishi mpangilio hata kidogo. Inawapa watoto maneno, kisha inayaacha yaelee, kwa sababu kila mstari unasikika sawa na mwenzake. Muulize mtoto nini kinafuata baada ya "mkono wako wa kuume". Hawezi kukujibu mpaka aanzie "Nitayainua macho yangu" aimbe hadi afike pale. Kwa kipindi cha Krismasi, watoto wamevaa mashuka na wazazi wanapiga picha, tuni inatosha. Ila mimi nataka mtoto aliyeamka usiku na hofu zake aweze kuingia kwenye zaburi kwa mlango wowote.

Basi nikaacha kufundisha mistari, nikafundisha viungo. Kila kiungo ni mkia wa mstari mmoja na kichwa cha unaofuata: "wa kuume – Jua halitakupiga". "Wakati wa usiku – Bwana atakulinda na mabaya". "Nafsi yako – Bwana atakulinda utokapo". Ni vitatu tu, hakuna zaidi. (Kile cha 3 na 4, asisinzie na hatasinzia, kinayumba kidogo lakini hujirekebisha chenyewe.) Watoto wakasimama wawiliwawili wakitazamana, kama wasichana wanavyocheza mchezo wa kupiga makofi: huyu anatupa mkia, yule anarudisha kichwa, kisha wanabadilishana. Tulianza na kiungo cha mwisho tukarudi nyuma, ili mtoto anaposonga mbele awe anaelekea anapopajua, sio anapopaogopa. Zaburi nzima hatukuigusa kabisa kwa muda. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama bado tunafundisha Biblia.

Halafu vizibo. Hapa ndipo ninapojivunia, mniwie radhi. Jioni moja nilikaa na penseli nikapigia mstari kila palipo na kulinda. Ni mara sita: akulindaye, mlinzi wa Israeli, mlinzi wako, na atakulinda mara tatu. (Kitenzi cha Kiebrania nacho kinarudi mara sita katika zaburi hiyo, kwa hiyo hesabu si ya bahati.) Nikampa mtoto mmoja mkebe na vizibo sita vya soda. Yeye ndiye mlinzi. Wenzake wakisema, kila wakifika penye kulinda anaangusha kizibo kimoja ndani. Wakiruka kutoka 5 hadi 8, vizibo viwili vinabaki mkononi. Wakianza kuzunguka, vizibo vinaisha kabla ya zaburi. Sihitaji kusema neno, mkebe unasema. Na wote wanaugombania ulinzi huo, hata wale ambao kwa kawaida hukaa nyuma wakichora mchangani.

Mwanya ulikuwa mmoja. Mstari wa 6, wa jua na mwezi, hauna kulinda ndani yake, kwa hiyo ukirukwa mkebe hausemi kitu. Hapo tumeweka ishara: mkono juu ya paji la uso, kama unavyojikinga na jua la saa sita. Mlinzi asipoona mikono, anatikisa mkebe.

Vifaa vingine, harakaharaka. Flanelgrafu, ule ubao wa kitambaa wa kubandikia picha, haiwezi hali ya hewa yetu. Kitambaa kinanyonya unyevu, picha zinajikunja, na Ibrahimu ameshaanguka kifudifudi mbele ya darasa kabla hajafika Moria. Manila na selotepu ni hasara tupu msimu huu wa kusi, maana tunakaa nje chini ya mkilifi. Kamba na vibanio vya nguo vinashinda vyote. Spika ya kubebeka niliirudisha kwa vijana wa kwaya na sijaikumbuka. Na kwa Biblia, darasani tunashika tafsiri ya Muungano ya 1952. Walio na Habari Njema nyumbani waisome kwa raha zao, lakini kwa kukariri ukichanganya tafsiri mbili viungo vyote vinafumka.

Mpango ulikuwa tuendelee na Nyimbo za kupanda mlima. Ziko 15, kuanzia 120 hadi 134, na 133 na 134 zina mistari mitatu mitatu, kitu cha Jumapili moja tu. Baada yake ningesimulia Luka 2, Yesu wa miaka kumi na miwili akipanda Yerusalemu kwa Pasaka na wazazi wake, watoto waone kwamba nyimbo hizi zilikuwa za safari. Kadi nimeshazikata.

Kisha msichana mmoja akauliza, "Ticha, mwezi humpigaje mtu?" Nikaanza kueleza kwamba watu wa zamani waliuogopa mwezi kama walivyoliogopa jua. Sikumaliza. Mtoto mwingine, babake ni mvuvi, akanikata: mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda mpaka yanabeba madau yaliyofungwa vibaya. Darasa zima likageuka. Kila mmoja ana mjomba aliyewahi kupatwa na dhoruba. Nusu saa imepita na mimi ndiye mwanafunzi.

Kwa hiyo kadi zimerudi kabatini na tunaingia Zaburi 107, mstari wa 23 hadi wa 30, wale washukao baharini katika merikebu. Sijui kwa nini watoto wa Likoni tuliwaanzishia milima. Mstari wa 26 mawimbi yanawapandisha mbinguni na kuwatelemsha vilindini, wa 27 wanapepesuka kama mlevi, wa 28 wanamlilia Bwana, wa 29 shwari. Kila mstari una mwendo wake wa mwili, haufanani na mwingine, kwa hiyo viungo huenda visinisumbue. Hadithi za kuambatanisha zipo tele: Yona 1, mabaharia wanatupa shehena majini, Marko 4, Yesu amelala kwenye shetri, nyuma ya chombo, na Matendo 27, watu 276 chomboni na nanga nne zimetupwa tezini, huko huko nyuma, usiku wakingoja kuche. Mtoto wa mvuvi ameshanionya kwamba kabla ya yote hayo tanga lazima lishushwe, na kwamba nikisimulia bila kulishusha hataniamini.

Kinachonipa wasiwasi ni huo mstari wa 27. Wavulana wamesikia kuna mlevi na tayari wanafanya mazoezi, na mzee wa kanisa alikwisha kulalamika kuhusu vizibo wakati wa mahubiri. Nitaomba tuhamie upande wa pili wa ua. Aliye na tanga kuukuu la ngalawa, hata kama limechanika, nalihitaji kabla ya Jumapili.