Kuizunguka Ahmedabad na mama mwenye goti jipya

Daktari wa Ahmedabad, India, alipomruhusu mama kutoka wodini alimwekea sharti: atembee kila siku, asubuhi kidogo na jioni kidogo, mahali palipo sawa, asishinde kitandani. Kurudi Tanga kulikuwa bado, kwani goti lililobadilishwa lilitakiwa kuangaliwa tena kabla hajapanda ndege. Tukahamia gesti iliyo karibu na hospitali, upande wa magharibi wa mto Sabarmati. Nje ya gesti kulikuwa na pikipiki, ng'ombe na lami iliyomeguka pembeni. Ndani kulikuwa na korido, na korido mama aliikataa mapema tu.

"Baba, nimevuka bahari nije kuzunguka kwenye korido kama mahabusu?"

Wazo la kumpeleka mji wa kale nililipata kwa sababu ya viwanja. Ahmedabad ilianzishwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, na ng'ambo ya pili ya mto kumejaa misikiti, makaburi ya kifalme na mahekalu yenye nyua pana za mawe ambamo pikipiki haiingii. Mji huo wa kale ndio wa kwanza India kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2017. Mama angefanya mazoezi yake, nami ningeona nilichotamani kuona tangu tulipopewa tarehe ya safari.

Jambo nililolifanyia kazi zaidi ni saa. Ramani ya simu inakuonyesha umbali tu. Haikuambii kwamba mahekalu mengi hufungwa mchana ili mungu wao apumzike, wala kwamba Ijumaa adhuhuri si wakati wa mgeni kwenda kupiga picha msikitini. Ilikuwa Oktoba, na ikifika saa sita jua limeshachoma mawe kiasi cha kutokanyagika kwa miguu mitupu. Kwa hiyo nilipanga hivi: mahekalu asubuhi, gesti mchana kwa dawa, barafu ya goti na usingizi, misikiti kuanzia saa tisa na nusu hadi karibu na adhana ya Alasiri, kisha tunawapisha wenye kusali.

Viatu navyo vilitusumbua. Kote huko unavivua, na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji hawezi kuteleza kwenye marumaru. Tulichotumia ni soksi zenye vidoti vya mpira kwenye nyayo, zile alizopewa wodini. Nikabeba na kigoda cha kukunja, maana goti jipya halikutakiwa kuketi chini. Mwanzoni nilidhani walinzi watakikataa. Hakuna aliyekikataa, wakimwona mama na mkongojo wake wanatuonyesha kivuli kilipo.

Usafiri ni bajaji. Za huko ni rangi ya kijani na njano, zina mita, lakini kwa mgeni mapatano ni salama zaidi. Kijana wa mapokezi aliniandikia kwa maandishi ya Kigujarati majina ya kila mahali nilipotaka kwenda, pamoja na anwani ya gesti. Nikimkabidhi dereva karatasi, mazungumzo yanabaki ya bei. Yapo pia mabasi yanayopita kwenye njia zake yenyewe, mfano wa mwendokasi wa Dar es Salaam, ila vituo vyake vina watu wengi mno kwa mwenye mkongojo.

Tulianza na hekalu la Hutheesing la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, nje kidogo ya lango la mji wa kale liitwalo lango la Delhi. Mama alisita getini. Akaniambia, "Mimi naangalia kazi ya mikono, kuabudu sikuja," akaingia. Ni marumaru nyeupe kila upande, imechongwa hadi inaonekana laini, na kulizunguka hekalu kubwa kuna vihekalu 52 vimepangana, kila kimoja na sanamu yake ya mwalimu wa dini yao aliyekaa kutafakari. Lilianza kujengwa na tajiri aliyeitwa Hutheesing Kesarisinh, akafariki kazi haijaisha. Mkewe Harkunvar akaisimamia hadi hekalu likafunguliwa mwaka 1848. Habari ya mjane ilimgusa mama kuliko marumaru. Alitaka kujua mafundi walikuwa wanamsikiliza, na mimi sikuwa na jibu. Mkanda wangu wa ngozi na pochi yake vilibaki kwa mlinzi, kwa vile Wajaini hawataki kitu kilichotokana na kuua mnyama, na ndani hawaruhusu picha. Kivuli cha baraza inayozunguka kilimtosha mama kutembea taratibu, akisimama kila kihekalu.

Kwenye Sidi Saiyyed ndipo nilipotaka kukaa sana, na tulikaa. Ni msikiti mdogo, uko Lal Darwaza karibu na daraja la Nehru, magari yanauzunguka pande zote. Ukipita haraka unaweza kuuacha. Ulijengwa mwaka 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyekuwa katika msafara wa jemadari Bilal Jhajar Khan, zama za sultani wa mwisho wa Gujarat. Karibu na wakati huo huo majeshi ya Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, yakauchukua mji. Watu huja kwa ajili ya madirisha yake ya nusu duara, kimiani cha mawe kilichotobolewa kwa patasi: shina la mti linapanda, matawi yanajipinda na kusukana na mtende, halafu yanajaza nafasi yote bila kukatika. Nembo ya chuo maarufu cha usimamizi wa biashara cha mji huo imetokana na dirisha hilo. Dirisha la katikati lakini limezibwa kwa jiwe tupu, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba vita viliwakuta mafundi kazi haijakamilika.

Nenda saa kumi. Ukuta wenye madirisha ndio wa kibla, nao huko India unatazama magharibi, hivyo jua la alasiri linapenya kwenye kimiani na kuuchora ule mti sakafuni. Asubuhi yale mawe utayaona vizuri zaidi ukiwa nje, upande wa nyuma, barabarani. Nilikwenda asubuhi na jioni, na kwangu mimi jioni ndiyo yenyewe.

Mama aliketi kwenye kigoda chake uani, karibu na birika la kutawadhia, akawa ananihoji.

"Huyu Sidi ni Mhabeshi wa kule kwetu, au?"

Nikamweleza ninachokijua. Waafrika walifika Gujarat kwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia, na baadhi walipanda hadi kuwa majemadari na wenye mali za kujenga misikiti. Vizazi vyao wapo hadi leo, wanaitwa Sidi, wanazungumza Kigujarati. Wana mtakatifu wao, Bava Gor, ambaye kaburi lake liko Ratanpur wilaya ya Bharuch, kusini mwa Ahmedabad, na ngoma yao wanaiita goma. Mama akasema twende. Nikamwambia ni safari ya saa kadhaa kwa gari, na daktari hajatoa ruhusa. Alinuna mpaka chai ilipokuja.

Msikiti wa Ijumaa, yaani Jama Masjid, una ngazi za kupanda kutoka barabarani, na tulizipanda kwa utaratibu tuliofundishwa na mtaalamu wa viungo: kupanda, mguu mzima mbele, kushuka, mguu mgonjwa mbele. Ukishafika juu, uwanja ni mpana na umelala sawa. Kwa mazoezi sikuona mahali bora kuliko pale. Msikiti ulikamilika mwaka 1424, una nguzo 260 na kuba 15, na ukisimama ndani unaona nguzo nyuma ya nguzo. Nje, ubavuni mwa tao kubwa, utaona vishina viwili vya minara. Minara yenyewe ilikuwa mirefu. Tetemeko la 1819 liliiangusha sehemu kubwa. Mama alitembea kutoka lango hadi birika, birika hadi lango, huku watoto waliokuwa wakicheza wakimhesabia. Wakati wa adhana ulipokaribia tukatoka kwa lango la mashariki.

Lango hilo linakutoa moja kwa moja kwenye kaburi la Ahmad Shah mwenyewe, aliyefariki 1442, amezikwa pamoja na mwanawe na mjukuu wake. Wanawake hawaingii chumba cha kaburi. Mimi niliingia, nikasoma Fatiha, nikatoka. Mama alibaki nje, hakupendezwa, na sikumlaumu. Lakini vuka barabara tu, ndani ya vurugu za Manek Chowk, kuna makaburi ya malkia, Rani no Hajiro, na huko wanawake ndio waliojaa, kwa kuwa pembeni mwa makaburi kuna vibanda vya nguo. Mama alinunua vitambaa vilivyodariziwa vioo vidogo kwa ajili ya wifi zake. Manek Chowk yenyewe mchana ni soko la vito, usiku maduka yakifungwa inageuka mahali pa kula. Sisi mchana ulitutosha. Gujarat ni mkoa wa mboga zaidi kuliko nyama na pombe imepigwa marufuku, kwa hiyo mtu wa pwani hana cha kuhofia chakulani ila sukari, maana hata mchuzi wa dengu wanautia guru.

Asubuhi moja nilimwacha mama na jirani yetu wa gesti, mama mwingine kutoka Morogoro, nikaenda kwenye matembezi ya miguu yanayoendeshwa na halmashauri ya jiji tangu mwaka 1997. Yanaanza saa mbili asubuhi hekalu la Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, lililoko Kalupur, na kuishia Jama Masjid. Hekalu hilo la mwaka 1822, lenye nakshi za mbao za msaji kutoka Burma na rangi nyingi, ndilo la kwanza la dhehebu hilo; mahekalu yao mengine wakazi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanayapita kila siku. Katikati unapitishwa kwenye pol, mitaa iliyofungwa kwa lango moja, nyumba za mbao zimebanana, na pol nyingi zina mnara mdogo wa kulishia ndege. Vichochoro vingine vinapita nyuma ya nyumba za watu. Bila kiongozi usingejua kama ni njia. Ukiwa na nguvu za miguu na asubuhi moja tu mjini, chagua hayo matembezi, mengine uache. Kwa mwenye goti hayafai hata kidogo.

Adalaj nayo nilikwenda peke yangu, kaskazini mwa jiji. Ni kisima cha ngazi cha mwaka 1499, ghorofa tano za mawe ya mchanga zinazoshuka chini ya ardhi, na kila ghorofa unayoshuka joto linapungua. Picha nilimpelekea mama, akasema ngazi zote hizo kwa ndoo ya maji, masikini wanawake.

Ashram ya Gandhi, yaani makazi yake ya zamani, ilikuwa rahisi kuliko zote: tambarare, miti, mto, hakuna kiingilio. Aliishi pale kuanzia 1917 hadi Machi 12, 1930, alipotoka na wenzake kwa miguu kwenda Dandi kupinga kodi ya chumvi, mwendo wa karibu kilomita 390. Chumba chake kina gurudumu la kusokotea uzi na vitu vichache. Mama alikaa kivulini akawatazama kindi.

Siku za mwisho tulirudi upande wa Jama Masjid, safari hii kwa ajili ya Teen Darwaza, lango la matao matatu lililo jirani. Kiongozi wa yale matembezi alikuwa amenisimulia habari zake, nami nikamsimulia mama. Wenyeji husema mungu wao wa mali, Lakshmi, alitaka kuuhama mji usiku, mlinzi wa lango akamwomba angoje aende kuomba ruhusa kwa mfalme; kisha akakubali auawe asirudi langoni, ili Lakshmi angoje milele. Kuna taa inawashwa kwa kumbukumbu hiyo, na wanaoitunza ni familia ya Waislamu.

Kisa cha taa mama alikisikiliza kwa adabu. Kilichomshughulisha ni bamba lililo ukutani, la mwaka 1812, lililowekwa na gavana wa Wamaratha, watawala wa mji wakati huo: binti apewe fungu lake katika mali ya baba yake bila kizuizi, na atakayekaidi, Mhindu atamjibu mungu wake Mahadev, Mwislamu atamjibu Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akataka nirudie. Nikarudia. Akaniomba nilipige picha bamba lote, herufi zionekane, ingawa hakuna kwetu anayezisoma.

Pale pale, bajaji zikipiga honi, akampigia simu kaka yake Pangani. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo mjomba alikuwa bado hajapata chakula cha mchana.

"Kaka, shikamoo. Nimepona, namshukuru Mungu. Nikirudi tuzungumze lile shamba la minazi la marehemu baba."